Usianze na kaburi, anza na karatasi: maswali yenu kuhusu mateka wa vita Wajerumani na Wataliano

Toleo lililopita niligusia kidogo tu lile kanisa la kumbukumbu la Wataliano pale Mathari, Nyeri, nikasema ndani ya kuta zake kuna mabaki ya askari 676, wengi wao watu waliofia utekani mikononi mwa Mwingereza, nikadhani nimemaliza. Kumbe ndo nimefungua mlango. Barua zimekuja nyingi kuliko mada nyingine yoyote mwaka huu, na nyingi hazitoki kwa wanahistoria, zinatoka kwa watu wa kawaida tu wana kitu ndani ya nyumba, picha, kisanduku, jina ambalo bibi alikuwa analitaja. Nimechagua sita. Majina nimeyaficha yote, ya mateka na ya waandishi, kwa sababu bado kuna familia huko na huko.

*Mwalimu shikamoo. Babu mzaa mama alifanya kazi jikoni kwenye kambi ya mateka Wataliano pale Nanyuki wakati wa vita. Alipofariki tukakuta kwenye sanduku lake kisanduku kidogo cha mbao, juu ya mfuniko kimechongwa mlima, chini kimechorwa kwa ncha ya kisu jina la mtu, ndani ya hilo jina kuna neno FU, halafu namba 354. Mama anasema babu alikuwa anamwita huyo mtu rafiki yangu. Nimelitafuta hilo jina kwenye intaneti mpaka macho yameuma, hakuna kitu, nikaanza kufikiri labda ni Mchina. Naanzia wapi? – Mjukuu wa Mpishi*

Marahaba mjukuu wangu. Huyo sio Mchina, na hilo neno FU ndo zawadi kubwa kabisa uliyoachiwa. Kwenye karatasi za Wataliano wa enzi zile jina la mtu lilifuatiwa na la baba yake, kama baba yu hai wanaandika "di", kama keshafariki wanaandika "fu". Kwa hiyo ukikuta, mfano tu, Rossi Mario fu Giuseppe, maana yake ni Mario wa ukoo wa Rossi mtoto wa marehemu Giuseppe. Sisi tunaojiita fulani bin fulani tunapaswa kulielewa hili haraka kuliko Mzungu yeyote! Na faida yake ni kubwa, maana akina Mario Rossi Italia wamejaa tele, lakini Mario Rossi wa marehemu Giuseppe, kazaliwa mwaka fulani mji fulani, hao wanabaki wachache, pengine mmoja.

Jambo la pili, angalia mpangilio. Kwenye karatasi za serikali na za jeshi Mtaliano anatanguliza jina la ukoo. Karani Mwingereza pale kambini yeye kazoea la ukoo liwe mwisho, kwa hiyo mara nyingine anageuza, mara nyingine anasahau kugeuza, na ndani ya faili moja unamkuta mtu mmoja kaandikwa namna mbili kama watu wawili. Mimi mwenyewe nilipoteza karibu mwaka mzima nikimtafuta askari mmoja kwa jina ambalo kumbe ni la ubatizo, nikiandika barua huku na huku najibiwa hayupo, hayupo, mpaka mama mmoja wa hifadhi ya nyaraka aliponihurumia akageuza yale majina mawili na mtu akatokea siku hiyohiyo. Nililia, sioni aibu kusema. Kwa hiyo wewe tafuta kwa mpangilio wote miwili, na ukitafuta liache hilo FU nje, halafu jina la baba litumie mwishoni kuhakikisha.

Namba 354 ni namba ya kambi, na kambi 354 ndo hiyo ya Nanyuki, kwa hiyo hadithi ya babu na kisanduku vinakubaliana. Na huo mlima juu ya mfuniko wala usikushangaze, walikuwa wanauona kila mawingu yakifunguka asubuhi. Ni kambi hiyohiyo ambayo Januari 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka sio kwenda kwao bali kwenda kupanda Mlima Kenya, wakiwa na vyuma vya kukanyagia barafu walivyojitengenezea wenyewe kwa vyuma chakavu, na sehemu ya ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye lebo ya kopo la nyama. Benuzzi na Balletto wakafika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera, wote wakateremka wakarudi kambini wenyewe. Watu waliokaa wamefungiwa miaka huku wanautazama mlima ule walikuwa wanauchonga, wanauchora, wanauota. Kisanduku chako kinatoka kwenye hali hiyo.

Sasa, kabla hujafunga safari ya kaburini, jiulize kwanza kama alikufa, maana watu wanakimbilia makaburini wakati mateka walio wengi walirudi makwao 1946 na 1947. Wizara ya Ulinzi ya Italia ina orodha kwenye mtandao ya waliokufa na waliopotea vitani, unaingiza jina na mwaka wa kuzaliwa, na mara nyingi inaonyesha alikozikwa. Akionekana Kenya, basi Nyeri ndo pa kwenda, kwa sababu waliozikwa huku na huku kwenye makaburi ya makambi walikuja kukusanywa pale. Asipoonekana, furahi, inaelekea alirudi, na hapo unatafuta karatasi inayoitwa *foglio matricolare*, ndo historia yake yote ya jeshi kwenye ukurasa mmoja au miwili, alipoingia, alipopelekwa, alipotekwa, aliporudi. Hizo ziko kwenye hifadhi za nyaraka za serikali huko mikoani Italia, zimepangwa kwa wilaya ya jeshi na kwa mwaka wa kuzaliwa. Neno *classe* ukilikuta usidhani ni darasa la shule, *classe 1917* maana yake kazaliwa 1917.

Na tafadhali sana, kisanduku usikipake mafuta wala vanishi. Kiweke karibu na dirisha jioni mwanga ukija kwa ubavu, upige picha ile sehemu ya chini, mikwaruzo ambayo jicho halioni mchana itajitokeza yenyewe. Mara nyingi chini ya jina kuna jina la mji.

*Mwalimu, mume wangu ni Mjerumani. Kaka wa bibi yake alifia Uingereza akiwa mateka, mwaka 1946. Tuna cheti cha mazishi kutoka parokia moja ya kijijini, tumefunga safari mpaka huko, makaburi yote tumeyapitia, padre hajui kitu, hayupo. Mama mkwe amevunjika moyo anasema walimtupa. Vita viliisha 1945, kwa nini huyu alikuwa bado mateka? – Mke wa Mgeni*

Pole dada, na mpe pole mama mkwe, lakini mwambie hakutupwa. Nina karibu uhakika alihamishwa.

Anza na hilo la mwaka, maana wengi wananiuliza. Bunduki zilinyamaza Mei 1945 ila mateka hawakufunguliwa siku hiyo. Mwaka 1946 Uingereza peke yake ilikuwa na mateka Wajerumani zaidi ya 400,000, wanafanya kazi mashambani, barabarani, kwenye ujenzi, na wa mwisho waliondoka 1948. Ndani ya miaka hiyo watu waliugua, waliangukiwa na vitu kazini, wengine waligongwa na magari wakirudi kambini gizani. Aliyekufa alizikwa jirani na alipofia, kwa hiyo makaburi ya vijijini huko Uingereza yalikuwa na Wajerumani mmoja mmoja, wawili wawili, nchi nzima.

Tarehe 16 Oktoba 1959 Uingereza na Ujerumani Magharibi wakasaini makubaliano kwamba wale ambao makaburi yao hayako kwenye viwanja vinavyotunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola wafukuliwe na kuzikwa pamoja sehemu moja, Cannock Chase, Staffordshire. Makaburi yale yalizinduliwa 1967, na wamelala pale Wajerumani karibu 5,000 wa vita vyote viwili. Ndo maana kitabu cha parokia kinasema alizikwa hapa na ardhi inasema hayupo, vyote viwili vinasema kweli, ila kila kimoja kinasema kweli ya mwaka wake.

Na sio Uingereza tu. Ukishaliona hili mara moja utaliona kila mahali. Australia waliwakusanya Wajerumani kule Tatura, makaburi yakazinduliwa 1958, na Wataliano wakawajengea nyumba ya mifupa pale Murchison 1961, zote mbili jimbo la Victoria. Kanada waliwahamishia Wajerumani Kitchener, Ontario, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo mimi nawaambieni kila siku, mateka alihamishwa akiwa hai na akahamishwa tena akiwa maiti, usianze na kaburi, anza na karatasi, karatasi itakupeleka kaburini.

Cha kufanya ni hiki. Shirika la Kijerumani linaloitwa Volksbund, lilianzishwa 1919, linatunza makaburi ya vita ya Wajerumani nje ya nchi, na tovuti yake unaingiza jina bure kabisa unaletewa makaburi, kitalu, mstari mpaka namba. Jaribu jina kwa kila namna. Kama ni Müller jaribu pia Mueller na Muller. Tarehe nazo zitilie shaka, Mjerumani akiandika moja kwa mkono anaiwekea mkia mrefu juu, Mwingereza anaisoma saba, kwa hiyo tarehe 11 imekuwa 17 na mtu wako anaonekana sio yeye. Mkikosa hapo, mume wako kama ndugu aandike Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, kule Berlin, wao tangu 2019 ndo wamerithi ile ofisi ya zamani iliyokuwa inajulikana kwa kifupi WASt, iliyotunza taarifa za askari wa Ujerumani, namba za vile vibati vya shingoni, waliotekwa, waliokufa. Kile kibati kilikuwa na mstari wa matundu katikati, askari akifa kinavunjwa nusu inabaki na mwili, nusu inaondoka na taarifa. Hiyo nusu iliyoondoka ndo chanzo cha karatasi mnayoitafuta. Majibu yanachukua miezi, wakati mwingine mingi, msikate tamaa.

Na mkifika Cannock Chase, nendeni na mama mkwe, msimpelekee picha tu.

*Habari za kazi mwalimu. Naandika kuhusu Wajerumani waliotekwa Tanganyika. Nimepekua orodha za Vita vya Pili zote sijapata hata mmoja. Nakosea wapi? – Mwanafunzi*

Unakosea vita, na huenda unakosea neno pia. Waliotekwa kwa wingi Afrika Mashariki ya Kijerumani ni wa vita vya 1914 hadi 1918, na wengi hawakubaki hapa, walipelekwa makambi ya mbali, Ahmednagar kule India, wengine Misri. Kadi za mateka wa vita hivyo Msalaba Mwekundu wa Geneva wameziweka zote kwenye mtandao, unazisoma kadi yenyewe na mwandiko wa karani wake, bure. Zoea mpangilio wao kwanza, zimepangwa kwa utaifa na kwa herufi, na mara nyingi kadi inakupeleka kwenye namba ya rejista, usiishie kwenye kadi.

Wajerumani waliokutwa Tanganyika 1939 walikuwa raia, wakulima wa mkonge na kahawa, wamisionari, wafanyabiashara, na raia aliyewekwa kizuizini sio mateka wa vita, ana orodha yake nyingine na sheria nyingine, wengi walisafirishwa kusini mpaka Rhodesia na Afrika Kusini. Ukimtafuta raia kwenye orodha ya askari utatafuta mpaka uzeeke. Na jifunze maneno mawili haya ya Kijerumani, *gefallen* na *gefangen*, yamefanana kwa jicho la haraka, la kwanza alikufa vitani, la pili alitekwa. Nimeona makala nzima imejengwa juu ya kosa hilo.

*Mwalimu nakuheshimu lakini safari hii umeniudhi. Hawa Wataliano waliivamia Ethiopia, waliwamwagia watu sumu, halafu leo tunawahesabia mifupa na kuwajengea makanisa. Watu wetu waliokufa kwa hao Wazungu nani anawatafuta? – Msomaji wa miaka mingi*

Ndugu yangu, hasira yako naikubali yote, sipunguzi hata nukta. Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia, gesi ya sumu ilitumika juu ya askari na raia, na hilo halifutwi na kanisa lolote zuri. Na yule aliyezikwa pale Nyeri kwa heshima, Duke wa Aosta, alikuwa gavana mkuu wa Mussolini kule, akajisalimisha Amba Alagi, hukohuko Ethiopia, Mei 1941, akafia Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa mateka, bado hajafika hata miaka 44. Ukisimama mbele ya kaburi lake usisahau alikuwa mtawala wa nani.

Ila niruhusu nikuambie kwa nini naendelea. Kazi ya kumtafuta mtu mmoja mmoja kwa jina lake ndo inayonionyesha kwa uchungu kabisa nani hakuandikwa. Mataifa yale yalikubaliana Geneva mwaka 1929 kwamba mateka akifa azikwe kwa heshima na kaburi lake litambulike na litunzwe, kwa hiyo Mtaliano wa Nyeri ana jina. Sasa linganisha na wapagazi na askari wetu wa Vita vya Kwanza. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi walibeba mizigo wakafa njiani kwa kuhara na homa, na karani aliyejua kuandika namba ya kila nyumbu hakuandika jina la mtu. Mimi hili linaniuma kila ninaposhika daftari la mateka lililoandikwa vizuri.

Kwa hiyo tuanze nao hao pia. Mwenye namba ya baba au babu ya KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wetu, au ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, mwenye kitambulisho, medali, hata karatasi ya malipo iliyoliwa na mchwa, aniandikie, nitafungua ukurasa kwa ajili yao na wewe nakuomba uwe wa kwanza, maana kwenye barua yako, sehemu ambayo sikuichapa hapa, umetaja babu yako mzaa baba.

*Shikamoo. Baba yangu alizaliwa 1945, bibi hakuwahi kuolewa na aliyemzaa, ila tunajua alikuwa mateka wa Kitaliano aliyekuwa akijenga barabara. Baba sasa ni mzee, anataka kujua tu. Jina tunalo la kwanza pekee. Je, kuna njia? – Binti wa Baba*

Marahaba binti, na msalimie sana mzee. Njia ipo, ni nyembamba, na inahitaji upole.

Baada ya Italia kusalimu amri tarehe 8 Septemba 1943, mateka wengi waliokubali kushirikiana na Waingereza walipata nafasi zaidi ya kufanya kazi nje ya kambi na kuchanganyika na watu. Barabara walikuwa wameshaanza zamani, ile ya kuteremka Bonde la Ufa wameijenga wao na lile kanisa dogo la Mai Mahiu walilijenga 1942 wakiwa kwenye kazi hiyohiyo, wakiingia watu kumi na wawili limejaa. Kwa hiyo anza na barabara gani, kikosi cha kazi kilikuwa cha kambi ipi, miaka ipi. Kaa na wazee wa eneo lile ambao bado wapo, waulize walikuwa wanamwitaje, maana Waswahili na Wakikuyu waliwapa majina ya utani na jina la utani mara nyingi ndo fundi, ndo mpiga gitaa, ndo mwenye ndevu, na hiyo ni habari. Kama baba alibatizwa, muone paroko aangalie kitabu cha ubatizo sio cheti, kwenye kitabu pembeni kuna vitu ambavyo cheti hakina.

Kwa jina la kwanza pekee nyaraka hazitakufikisha, nisikudanganye. Hapo kipimo cha vinasaba kwa mzee mwenyewe ndo chenye uwezo zaidi, kwa sababu damu yake iko karibu hatua moja kuliko yako, na familia za Wataliano waliohamia Marekani, Australia na Argentina wapo kwenye zile data za vinasaba kwa wingi. Unaweza kumpata binamu wa mbali huko Melbourne na kupitia yeye ukakifikia kijiji.

Ukiwapata, barua ya kwanza andika fupi. Sema wewe ni nani, baba yako kazaliwa lini na wapi, na kwamba hamuombi kitu isipokuwa kujua na kama ipo, picha moja. Usimtumie mjane kama yu hai, mtumie mjukuu wa umri wako. Babu yao alirudi nyumbani 1946 au 1947 akaanza maisha, huenda hakusema neno, na upande wa pili kuna mtu anasoma barua yako amekaa peke yake jikoni. Mpe muda. Kuna familia niliyoifuatilia ilinyamaza miezi minane halafu ikaleta albamu nzima.

*Mwalimu, mimi niko Italia, namtunza mama mmoja mzee, ana miaka 86. Baba yake alikuwa jeshini Asmara, akatekwa 1941, barua ya mwisho inasema wanapelekwa Afrika Kusini. Hakurudi. Nimemsaidia kuandika Afrika Kusini, wamejibu hayumo kwenye orodha ya kambi wala ya makaburi. Kila Siku ya Marehemu ananiuliza maua ayapeleke wapi. – Dada wa Bergamo*

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara nyingi.

Afrika Kusini kambi kubwa ilikuwa Zonderwater, karibu na Cullinan, kuanzia 1941 mpaka 1947, na kwa jumla walipita pale Wataliano zaidi ya 100,000. Makaburi yao yapo na yanatunzwa vizuri, na chama cha waliokuwa mateka wa Zonderwater na watoto wao kina orodha yake, kwa hiyo kama mmeuliza huko na hayumo mimi nawaamini. Hakufika.

Uliza barua hiyo ya mwisho ni ya tarehe gani, na angalia muhuri sio tu alichoandika yeye. Kama ni ya mwaka 1942, basi kuna jambo inabidi ulijue wewe kabla ya huyo mama. Tarehe 28 Novemba 1942 meli ya Waingereza iitwayo Nova Scotia, iliyotoka upande wa Bahari ya Shamu kuelekea Durban, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijerumani U-177 karibu na pwani ya Natal. Ndani yake kulikuwa na Wataliano zaidi ya 700, mateka na raia waliokuwa wameshikwa Eritrea na Ethiopia. Meli ilizama kwa dakika chache. Nyambizi ilipogundua wanaolia majini ni Wataliano, rafiki zao, ikatoa taarifa kwa wakubwa wake Ujerumani, na Wareno wakaombwa msaada wakatuma meli yao ya kivita Afonso de Albuquerque kutoka Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, ikaokoa watu karibu 190. Waliokufa ni zaidi ya 800, wengi wao hao Wataliano. Siku zilizofuata bahari ilirudisha miili zaidi ya mia kwenye fukwe za Durban, wakazikwa hukohuko, wengi bila kutambuliwa. Miili iliyobaki bahari haikuirudisha.

Miezi miwili kabla, tarehe 12 Septemba, meli nyingine, Laconia, ilizamishwa Atlantiki ikiwa na mateka Wataliano kama 1,800, wengi walikufa, ila hao walikuwa wa Afrika Kaskazini na meli ilikuwa inaelekea Uingereza, kwa hiyo kwa mtu wa Asmara mimi macho yangu yako kwa Nova Scotia.

Usimwambie bado. Kwanza andika Wizara ya Ulinzi Roma uombe taarifa yake kama aliyepotea, sio kama aliyekufa, maana waliozama bila mwili waliandikwa *disperso*, na ukitafuta kwenye makaburi huwezi kumkuta. Andika pia Geneva, Msalaba Mwekundu wanapokea maombi ya familia kuhusu Vita vya Pili kwa vipindi na kwa idadi maalumu, kwa hiyo fuatilia siku wanayofungua na fomu uwe umeshaijaza pembeni. Weka jina la ukoo, la kwake, la baba yake, mji, mwaka, na "Asmara 1941". Nenda pia manispaa ya mji aliozaliwa uombe cheti kamili cha kuzaliwa, mtu akija kutangazwa kafa baada ya kupotea mara nyingi wanaongeza maneno pembeni mwa cheti hicho, na humo tarehe ya kifo huwa imeandikwa. Kama ni 28 Novemba 1942, umemaliza kutafuta.

Halafu mkae pamoja umsomee, polepole, kwa Kitaliano chenu, umwambie baba yake alikuwa njiani. Na kama nyumbani kwao liliwahi kutajwa jina la Massawa, ile bandari ya Eritrea kwenye Bahari ya Shamu, hata mara moja, hata kwa mama yake akiwa anaongea na jirani, niandikie kabla hujatuma barua ya Roma.